Jana Ulilala Wapi? Namna ya Kutathmini Mpango wa Kuwasaidia Watu Wazima Waliozoea Kulala Nje, kwa Mifano ya Tabora

Anayefika katika kituo cha reli cha Tabora saa nane za usiku, siku ambayo treni imechelewa, huwakuta watu wengi wamejilaza sakafuni na kwenye mabenchi, wamejifunika kanga, mashuka na makoti. Wengi wao ni abiria, kwa kuwa Tabora ni njia panda ya Reli ya Kati: hapa ndipo njia ya Kigoma na ile ya Mwanza zinapoachana, na msafiri wa Mpanda naye hupitia hapahapa. Hata hivyo, miongoni mwao wamo wachache ambao hawasubiri treni yoyote. Kuwatambua kwa macho si rahisi, ingawa ukitulia utaona kwamba mzigo wa abiria umefungwa tayari kwa kubebwa, ilhali wa yule mwingine umefunguliwa, na kopo lake la maji lina mahali pake pa kila siku. Mlinzi wa zamu anawafahamu wote, anajua nani alianza kulala pale kabla ya mvua za mwaka juzi na nani alikuja wiki iliyopita. Mtu aliyepewa kazi ya kutathmini mpango wa kuwasaidia watu hawa na aanze kwa mlinzi huyo kabla hajafungua ripoti ya mwaka ya mpango wenyewe.

Mwongozo huu unawalenga maofisa ustawi wa jamii, viongozi wa vikundi vya dini na mashirika ya hiari, na yeyote anayetakiwa kuwaeleza wafadhili au baraza la madiwani kama fedha zilizotumika zimeleta mabadiliko. Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: mpango wa aina hii hupimwa kwa siku ambazo mtu alilala ndani, mahali anapoweza kupaita pake, na kwa hatima ya wale ambao hawaonekani tena. Idadi ya sahani za wali, blanketi zilizogawiwa na semina za ushauri nasaha inaeleza kazi iliyofanywa na watoa huduma, nayo ina nafasi yake katika ripoti, lakini haijibu swali la mtathmini.

Kumtambua anayehusika

Kosa la kwanza hutokea kwenye dodoso, katika swali linaloonekana halina tatizo: "Je, una makazi?" Mzee anayelala kwenye baraza la duka karibu na soko atakujibu kwamba anayo, yako kwao Urambo, na hatakuwa amekudanganya. Katika lugha yetu kila mtu ana kwao, na kumuuliza mtu mzima kama ana makazi ni karibu sawa na kumuuliza kama ana ukoo. Aibu ya swali hilo huharibu majibu yote yanayofuata. Uliza kuhusu usiku, kama mtu anavyomjulia hali jirani yake.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani kwa kukusumbua. Jana ulilala wapi?"

"Jana? Hapahapa. Juzi mvua ilikuwa ya upepo, nikasogea kule kwa fundi cherehani, barazani kwake hapavuji."

Kwa majibu hayo mawili tayari umepata siku mbili za uhakika, na hakuna aliyedhalilika. Sensa ya mwaka 2022 ilitumia mantiki hiyohiyo, ilipouliza nani alilala wapi usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kila mtu alihesabiwa pale alipolala, hata kama kwao ni kwingine.

Baada ya hapo amua nani anahesabiwa kuwa ni mtu aliyelala nje kwa muda mrefu, na uandike uamuzi huo kabla ya kuanza kazi, maana ukiuacha wazi utajikuta unaupindisha kadiri majina yanavyoingia. Marekani, kwa mfano, kigezo cha serikali ni mtu kukosa makazi kwa miezi 12 mfululizo, au kwa vipindi visivyopungua vinne ndani ya miaka mitatu ambavyo jumla yake inafikia miezi 12, huku akiwa na ulemavu au maradhi ya kudumu. Kigezo cha muda kinaweza kutumika Tabora bila shida. Sharti la ulemavu au maradhi linahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu huku wengi wanaolala nje hawajawahi kupimwa na daktari yeyote, na ukisubiri cheti cha hospitali utawaacha nje ya hesabu walewale walio katika hali mbaya zaidi. Mimi huridhika na maelezo ya mhudumu wa afya ngazi ya jamii pamoja na ya watu wawili wanaomwona mhusika kila siku, kwa kawaida mama lishe na mlinzi. Majina ya mtaani, kama "chizi" na "mzururaji", yasiingie kwenye fomu hata kama kila mtu anayatumia.

Vibali, na orodha isiyopaswa kuzagaa

Anza na halmashauri, kisha mtendaji wa kata, kisha mwenyekiti wa mtaa. Ukimruka mmoja wao, kazi itasimama siku utakapoanza kuonekana na karatasi usiku. Ikiwa unachokifanya ni utafiti, kibali hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, na utafiti unaogusa afya hupitia pia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inakuhusu, kwa kuwa utakusanya majina, magonjwa na mahali watu wanapolala.

Jambo hilo la mwisho ndilo linalonitia hofu kuliko yote. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ilirithi kutoka enzi za ukoloni makosa ya uzembe na uzururaji, na orodha inayoonyesha nani analala wapi ni ramani iliyo tayari kwa mtu yeyote anayetaka kufanya msako. Kwa hiyo tenganisha majina na maeneo: daftari moja liwe na jina na namba ya siri, jingine liwe na namba hiyo na majibu, na madaftari hayo mawili yasilale ofisi moja. Usipige picha za watu waliolala. Ridhaa iombwe kwa mdomo, mbele ya shahidi ambaye mhusika amemchagua mwenyewe, kwa sababu wapo wanaoogopa kutia dole gumba kwenye karatasi wasiyoweza kuisoma, na hofu yao ina sababu.

Anayeuliza maswali asiwe mtu anayegawa chakula au kulipa kodi. Mwenye njaa hawezi kumwambia mpishi kwamba wali ulikuwa mbichi. Chai na chapati unaweza kutoa, ila mtu apewe hata kama amekataa kujibu.

Kalenda ya malazi

Chombo kikuu cha tathmini hii ni kalenda inayojazwa pamoja na mhusika, ikirudi nyuma miezi sita, inayoonyesha kila kipindi alilala wapi. Njia hii hutumika katika nchi kadhaa kwa utafiti wa watu wasio na makazi, na ubora wake ni kwamba haimtaki mtu akumbuke tarehe. Inamtaka akumbuke matukio. Tabora tuna matukio ya kutosha ya kuegemea: mfungo wa Ramadhani na Idi, Pasaka, Sabasaba na Nanenane, mvua za kwanza, maembe yalipoanza kuanguka, masoko ya tumbaku yalipofunguliwa. Chora mstari mrefu kwenye karatasi, weka alama za matukio hayo, kisha uliza: "Maembe yalipokuwa mengi, ulikuwa unalala wapi? Palepale mpaka mvua ilipokolea, au ulihama?" Kila kipande cha mstari kiandikwe mahali: barazani, kituoni, kwa ndugu, chumba cha kupanga, wodini, mahabusu, shambani kwa mwajiri. Wodi na mahabusu zina paa, lakini zisihesabiwe kuwa ni kulala ndani, kwani hakuna anayezichagua.

Msimu unaweza kukudanganya vibaya. Wakati wa kilimo na mavuno ya tumbaku baadhi ya wanaume wanaolala mjini huenda vibarua Urambo, Kaliua au Sikonge, wakalala kwenye vibanda vya mashambani, na msimu ukiisha wakarudi. Mtathmini anayepima hali ya awali mwezi wa Septemba, kisha akarudi mwezi wa Februari, atakuta barazani pamepungua watu, na mpango utavikwa taji la kazi iliyofanywa na tumbaku. Kinyume chake pia hutokea: mvua kubwa huwakusanya watu waliokuwa wametawanyika chini ya miembe na kuwaleta kwenye mabaraza machache yasiyovuja, wakaonekana wameongezeka. Pima msimu uleule, mwaka kwa mwaka. Kama mfadhili anataka majibu baada ya miezi sita, mpe, lakini mweleze kwa maandishi kwamba unalinganisha kiangazi na masika.

Ufunguo uko kwa nani?

Mipango mingi siku hizi inadai kuwa inampa mtu nyumba kwanza, kisha matibabu na mengine yafuate. Wazo hilo lilipata umaarufu kupitia shirika la Pathways to Housing, lililoanzishwa na Sam Tsemberis mjini New York mwaka 1992, na msingi wake ni kwamba mtu hahitaji kuacha pombe au kukubali dawa ili astahili mlango wa kufunga. Kwetu tafsiri yake ya kawaida ni chumba cha kupanga katika nyumba ya wapangaji wengi, kodi ikilipwa na mpango kwa miezi mitatu au sita.

Usiamini orodha ya vyumba. Nenda. Mara moja nilitembelea mpango ulioandika kwamba watu 12 wamepangishiwa vyumba, na kwa hakika vyumba vilikuwepo, vimepakwa chokaa, kila kimoja na godoro. Nilipomwomba mmoja wa wapangaji anifungulie chake, alinitaka radhi na kunieleza kwamba ufunguo uko ofisini, huchukuliwa saa kumi na mbili jioni na kurudishwa asubuhi, ili vitu visiibwe. Ofisini nilikuta ubao wenye misumari 12 na funguo zinaning'inia, kila mmoja na kipande cha boksi kilichoandikwa jina. Mbele ya mfadhili wale wote walihesabika kuwa na nyumba. Kwangu walikuwa wageni wa bweni.

Tangu siku hiyo sehemu hii ya ukaguzi wangu ina maswali manne, na nayauliza nikiwa nimesimama mlangoni: ufunguo uko kwa nani, jina gani limeandikwa kwenye mkataba au kwenye stakabadhi ya kodi, mgeni akija, nani anatoa ruhusa, na kodi ya mpango ikikoma, mwenye nyumba ataambiwa nini. Swali la nne huibua mengi, hasa ukimuuliza mwenye nyumba mwenyewe kando. Wapo watakaokwambia bila kuficha kwamba walikubali kwa sababu ya kodi ya miezi sita iliyolipwa kwa mkupuo, na mwezi wa saba mtu atatoka.

Nauli ya kurudi kwao

Mipango mingine haitoi chumba, bali humkatia mtu tiketi ya kurudi kwa ndugu zake. Hili linahitaji mtathmini mkavu, kwa kuwa tiketi ni rahisi kuihesabu na mtu akishapanda basi hamwoni tena, hivyo anaingizwa kwenye safu ya mafanikio. Historia inatuonya. Mwaka 1983, chini ya sheria ya Nguvu Kazi, watu waliohesabiwa kuwa hawana kazi walikusanywa mijini na kupelekwa vijijini. Wengi walirejea mjini. Waliowapeleka hawakukosa idadi ya watu waliosafirishwa.

Kwa kila aliyepewa nauli, mpango uwe na namba ya simu ya mtendaji wa kijiji anakoenda na ya ndugu mmoja, na mtathmini apige mwenyewe baada ya mwezi mmoja, miezi mitatu na miezi sita. Usiishie kwenye "yupo". Uliza amepewa sehemu gani ya kulala, amepanda nini, na kama kuna anayegombania naye shamba la baba yao. Mtu aliyekimbia kwao kwa sababu ya shutuma za uchawi au ugomvi wa mirathi hajasaidiwa kwa kurudishwa penye shutuma hizo.

Waliopotea, na hesabu yenyewe

Sasa tufanye hesabu kwa mfano wa kubuni, ili njia ionekane. Tuseme mpango una nafasi 20 na waliostahili ni 45. Njia ya haki, na ambayo pia ni bora kwa tathmini, ni kuchagua kwa kura ya bahati nasibu, hadharani mbele ya mwenyekiti wa mtaa, halafu waliobaki wakawekwa kwenye orodha ya kusubiri na kufuatiliwa kwa kalenda ileile. Hao 25 ndio kundi linganishi. Bila wao hutajua ni mabadiliko gani yangetokea yenyewe, na yapo mengi, kwa maana watu huingizwa katika mpango wakiwa katika hali yao mbaya kuliko zote, na hali mbaya kuliko zote mara nyingi hulegea hata bila msaada. Jaribio kubwa la Kanada la kutoa nyumba kwanza, lililofanyika katika miji mitano kati ya 2009 na 2013 na kuwahusisha watu zaidi ya 2,000 wenye maradhi ya akili, lilitumia kura ya namna hii. Waliopewa nyumba walikaa ndani muda mrefu zaidi kwa tofauti kubwa, ilhali katika dalili za maradhi na matumizi ya vilevi makundi yote mawili yalipata nafuu na tofauti kati yao haikuwa kubwa. Asiyekuwa na kundi linganishi angeuandikia mpango sifa zote mbili.

Tuendelee. Baada ya mwaka unawapata watu 15 kati ya wale 20, na kwa wastani wamelala ndani siku 300 kila mmoja. Ripoti nyingi zingeishia hapo: siku 300, hongera. Lakini watano hawapo. Kama hao watano hawakulala ndani hata siku moja, wastani wa watu wote 20 ni siku 225. Kama walifanya vizuri sawa na wenzao, ni 300. Ukweli huenda uko kati ya namba hizo mbili, na ripoti iandike zote mbili. Tuseme tena kwamba kundi linganishi lilipatikana lote, jambo ambalo ni nadra, na wastani wake ni siku 90. Faida ya mpango basi ni kati ya siku 135 na siku 210 kwa kila mtu. Ikiwa mwaka mzima umegharimu shilingi 18,000,000, kila siku moja ya ziada ya kulala ndani imegharimu kati ya shilingi 4,286 na 6,667. Katika gharama ingiza pia visivyolipiwa: muda wa wajitolea, mafuta ya pikipiki ya paroko au ya imamu, chumba cha ofisi kilichoazimwa.

Namba hizo mbili zikiachana sana, usikimbilie kuandika. Tumia wiki nyingine kutafuta. Ulizia kwa mama lishe, kwa wabeba mizigo wa stendi, wodini katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kitete, kwa mafundi viatu, na kwa wachimba makaburi. Waliokufa wahesabiwe kuwa wamekufa, katika safu yao. Nimewahi kuona marehemu wawili wakiwa wameandikwa "waliacha mpango kwa hiari".

Kuhusu pombe na tiba ya akili sitakaa sana. Yapime ikiwa mpango unadai kuyashughulikia, na pima kitu kinachoonekana: alihudhuria kliniki mara ngapi, dawa zilikatika siku ngapi na kwa sababu ya nani. Mpango wa nyumba usihukumiwe kuwa umeshindwa kwa sababu mpangaji bado anakunywa gongo. Ulizeni kama kodi inalipwa na kama majirani wanalala.

Kusoma matokeo mbele ya wenyewe

Kabla ripoti haijapelekwa halmashauri, waite waliohusika, kundi linganishi likiwemo, muwasomee kwa sauti bila majina. Chagua saa ambayo kazi za sokoni zimepungua, na mahali pasipo na askari mgambo. Soma polepole, safu kwa safu, na uwe na kalamu mkononi, kwa sababu watakusahihisha.

Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, mama mmoja wa makamo aliyekuwa kimya muda wote aliomba nirudie mstari wa mwezi wa mfungo. Nilisoma kwamba katika siku hizo mmoja wa washiriki alilala kwa ndugu, ndani, siku 28.

"Huyo ni mimi, mwanangu," alisema. "Kwa dada nilikuwepo, hilo kweli. Lakini nililala jikoni, nje ya nyumba, na jiko lile halina mlango."

Nilifuta 28, nikaandika sifuri, na kuanza upya kukokotoa wastani.